Kompyuta Iliyovaa Sweta

Leo najisifu. Nasema mapema ili asiyependa watu wanaojisifu akatafute shughuli nyingine, maana unyenyekevu wa kuigiza sina. Kompyuta yangu ni kuukuu, na imefanya kazi ambayo mashine mpya za watu hazikuifanya, na aliyeifufua ni mimi, kwa bisibisi, brashi ya kupakia rangi na hasira. Hasira ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Ni kompyuta ya mezani, ya zile zilizokuwa zimejaa maofisini kabla watu hawajahamia kwenye laptop. Niliipata Mbeya, wakati nikifanya kazi ya kuchanganya sauti kwenye studio moja ya Mwanjelwa, na niliporudi kwetu Iringa kufungua studio yangu mwenyewe pale Kihesa, nilirudi nayo. Ndiyo iliyonilisha. Nyimbo za harusi, matangazo ya maduka, biti za vijana wanaotaka kuwa mastaa kabla ya Krismasi, zote zimepita humo. Na vijana haohao ndio walioidharau. "Dada, hii inawashwa kwa mkaa au kwa kuni?" Mwingine akauliza kama niliirithi kwa babu. Nikamwambia babu yangu aliacha mashamba, mashine nimetafuta mwenyewe, na kama haitaki mlango uko wazi. Hakuondoka. Wimbo wake ulikuja kupigwa hadi kwenye bodaboda.

Sasa ili mambo yaeleweke lazima niseme habari ya mama yangu na uzi. Nyumbani kwetu kitu hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, makochi yana vyao, hata ndoo ya maji ya kunywa imevishwa. Na baridi ya Iringa si ya kutania. Ikifika Juni watu wanalala na soksi na kofia. Basi mama aliitazama kompyuta yangu imekaa peke yake juu ya meza, akaihurumia, akaifumia sweta. Si kitambaa, jamani, sweta kamili la sufu, rangi ya maruni lenye maua ya njano, limeachwa wazi mbele penye vitufe, lina tundu la kupitishia waya na vifungo kwa nyuma. "Nayo inasikia baridi," alisema, akalifunga vizuri. Kila mgeni aliyeingia studio alilisifia. Nami nililipenda, kwa nini niseme uongo? Ni nani atakataa sweta la mama yake?

Baba yangu ni mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja kule Kilolo. Kwa kazi ni mkulima wa viazi hukohuko, na siku nyingi hulala shambani. Lakini nyimbo anatunga mwenyewe, kwa Kihehe, na anazifundisha kwa solfa, sauti nne, bila kinanda, akiwapa waimbaji noti ya kuanzia kwa mdomo wake. Amefanya hivyo tangu mimi sijazaliwa, na kwa muda wote huo hakuna wimbo wake hata mmoja uliowahi kurekodiwa. Jambo hilo halikumsumbua, hadi masikio yalipoanza kuziba.

Alianza kwa kuongeza sauti ya redio. Kisha akawa anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, tukacheka, naye akacheka. Daktari hakucheka. Alimwambia bila kumzungusha kwamba usikivu wake utaendelea kupungua, kwamba hakuna dawa ya kuurudisha, na kwamba kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia kwenye mazungumzo lakini muziki hautakuwa tena ule anaoujua. Tulipofika nyumbani ndipo baba aliponiambia anachotaka. Huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama," akasema, "siku hizi nikisimama mbele yao naona midomo tu. Nataka nikae kwenye benchi kama watu wengine, nizisikie nyimbo zangu vizuri mara moja, kabla masikio hayajafunga kabisa."

Ungedhani basi angekuja studio kwa binti yake. Wapi! Nabii hakubaliki kwao. Viongozi wa kwaya walikuwa wamesikia habari za studio kubwa huko Mbeya, wakakodi kosta, wakaenda wote na sare zao. Nilinuna, sitaficha. Kule walipokelewa vizuri, wakapewa soda, kisha prodyuza, kijana mstaarabu tu, akamweleza baba utaratibu. Ataingia mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza kwenye kichumba, aimbe akiwa na hedifoni, halafu kompyuta itamnakili awe watu kumi. Kisha sauti ya pili vivyo hivyo, mpaka sauti zote nne zimalizike.

Baba alimwomba arudie, akidhani ni masikio. Alipohakikisha kwamba amesikia sawasawa akauliza, "Na hawa wengine nimekuja nao wafanye nini? Wanywe soda?"

Kijana hakuwa na kosa. Ndivyo kazi inavyofanyika siku hizi, hata mimi nawafanyia hivyo vijana wangu wa biti. Ila kwaya za kwetu hazijengwi hivyo. Watu wanasimama nusu duara, bega kwa bega, kila mmoja anashika noti yake kwa kumsikiliza jirani. Ukimtoa mtu mmoja ukamfungia chumbani, hana wimbo, ana kipande tu. Kuna mama mmoja wa sauti ya kwanza, mkubwa kuliko baba kwa umri, ambaye akiimba peke yake hafiki mwisho wa ubeti. Mweke katikati ya wenzake uone; anaibeba kwaya nzima. Huyo utamnakili vipi? Wakashukuru kwa soda, wakasali, wakapanda kosta yao, wakaimba hadi Nyololo, wakashuka kula mahindi ya kuchoma. Kesho yake baba akanipigia simu. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini.

"Wewe unaweza kuturekodi wote tukiwa tumesimama?"

"Naweza," nikajibu kabla hajamaliza. Mdomo wangu huwa unatangulia, akili inafuata na mizigo.

Maana kurekodi kwaya nzima kwa pamoja kunataka maiki nyingi zinazoingia kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, na mashine yangu ilizoea moja, mbili zikizidi. Niliazima maiki kwa marafiki mpaka zikafika nane. Nikaazima ukumbi karibu na studio. Kwaya ikashuka kutoka Kilolo, tukasalimiana kamwene, kamwene, tukasali, baba akatoa noti, wakaanza. Wimbo wa kwanza ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili feni ya kompyuta ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga unga. Kwenye hedifoni nikasikia sauti zinakwaruza, zinakatikakatika, na kabla sijanyanyua mkono kuwasimamisha kioo kikaganda. Kila kitu kikasimama, isipokuwa kwaya, ambao waliendelea kuimba hadi mwisho bila kujua kwamba wanaimbia ukuta.

Niliiwasha upya. Kilichookoka kilikuwa kipande kifupi cha huo wimbo wa kwanza, nacho kimejaa mikwaruzo. Nilitaka kukifuta palepale, lakini baba alikuwa ameshafika mezani, ameshachukua hedifoni, ameshaivaa. Nikampigia kile kipande. Sijui nilifikiri nini.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaivua hedifoni polepole, akailaza mezani.

"Basi, mama," akasema. "Nimeelewa. Sikujua kama yamefika hapo."

Sikumwelewa. Akagusa sikio lake. "Yanakwaruza."

Loh! Baba yangu alidhani ile mikwaruzo ni masikio yake. Nikapiga kelele ukumbi mzima ukageuka: "Siyo masikio, baba! Ni kompyuta! Kompyuta ndiyo mbovu!" Naye akanitazama kwa tabasamu lile la mzazi anayebembelezwa na mtoto wake, akanipigapiga bega, akaenda kuwashukuru waimbaji na kuwaambia kazi imekwisha. Hakuniamini. Na kwa jinsi alivyokuwa amekaa ndani ya kosta wakati wa kuondoka, niliona kwamba habari ya kusikiliza nyimbo zake ameshaiweka chini.

Hapo ndipo mori uliponipanda. Mtu akiniambia mashine yangu mbovu, naweza kucheka. Lakini mashine yangu imwambie baba yangu kwamba amekwisha? Ebo! Wenzangu wa studio wakanishauri ninunue mpya, ushauri mzuri sana kwa mtu mwenye uwezo. Mimi niliitia kompyuta kwenye begi la shangazi kaja, lile la nailoni la wasafiri, na sweta lake, nikaondoka nayo kwenda Mbeya.

Mbeya nilikuwa namjua mfanyabiashara mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika, mtu wa asili ya pwani, ambaye ukoo wake upo mjini hapo tangu enzi za babu yake na bado anaongea kama aliyeshuka Tanga jana. Ukitaka memori ya mashine iliyosahaulika na watengenezaji wake, nenda kwake. Aliniona naingia na begi akanikaribisha, akauliza za Iringa, akauliza za wazee, akaagiza chai na sambusa. Ndipo nikaitoa kompyuta na vazi lake.

"Mashallah," akasema. "Mgonjwa kaja na nguo zake."

Nikafungua vifungo, nikavua sweta, nikafungua skrubu, nikanyanyua mfuniko. Sote wawili tukachungulia. Ndani kulikuwa na zulia. Sisemi kwa mfano. Nyuzinyuzi za maruni na za njano zilikuwa zimeingia kwa miaka yote hiyo, zikavutwa na feni, zikashikana na vumbi, zikatengeneza blanketi lililoziba kila mwanya wa kupitishia hewa. Feni yenyewe ilikuwa inazunguka ndani ya sufu. Na nje tulikuwa tumeziba matundu kwa sweta, tukalifunga na vifungo, tusije tukaiacha ipumue kwa bahati mbaya.

"Lahaula!" yule bwana akasema. "Dada yangu, humu umefuga kondoo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu sasa nilijua. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Tulikuwa tunaikinga na baridi ya Iringa, nayo ilikuwa inakufa kwa joto. Watu wa pwani hawawezi kufanya kosa hili hata wakitaka. Usilolijua ni usiku wa giza.

Nilimwomba meza, na kazi niliifanya mwenyewe. Nilichambua sufu kwa brashi na kibano, nikapuliza kila kona kwa blowa hadi duka zima likapiga chafya. Nilipoing'oa feni nikakuta ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kuipooza imekauka imekuwa chokaa, nikaikwangua, nikapaka nyingine. Memori nikaiongeza mara mbili ya ilivyokuwa. Na lile diski la zamani, lenye sahani inayozunguka, nikalishusha cheo: litahifadhi nyimbo zilizokwisha. Mahali pake nikaweka diski ya kisasa isiyozunguka, isiyo na sauti, ambayo inaweza kupokea maiki nane bila kutafuta pa kuziandika. Tulipoiwasha yule bwana alisogeza sikio, akasubiri, akasema labda haijawaka. Ilikuwa imewaka. Nilijisikia fundi, nikajisikia mkunga, nikala sambusa zote zilizobaki.

Nusu ya kazi ilinisubiri nyumbani. Niliweka mfumo upya, safi, kisha nikaanza kufukuza wapangaji. Maana ile kompyuta nilikuwa nimeijaza, kila programu niliyowahi kuipakua ilikuwa imejialika kuamka pamoja na mashine asubuhi, kila moja inakula kidogo, na wakati wa kurekodi zingine zilikuwa zinaulizia masasisho kwenye intaneti. Safari hii nikaacha programu ya kurekodia na vitu vyake, basi. Wakati wa kazi intaneti inazimwa. Umeme nikauwekea ruhusa yote, mashine isibane matumizi. Mwangwi, ambao zamani nilimwekea kila mwimbaji wake, nikaweka mmoja wa kutumiwa na wote.

Na kulikuwa na jambo moja lililonifanya nipige meza kwa furaha. Kompyuta inaporekodi hujiwekea akiba ndogo ya sauti kabla ya kuipitisha. Mafundi tunaiita bafa. Bafa ikiwa ndogo, mashine inakimbizwa. Ikiwa kubwa, inafanya kazi kwa nafasi, ila sauti inachelewa kumfikia mwimbaji kwenye hedifoni, na mwimbaji anachanganyikiwa. Kwa hiyo siku zote nilikuwa naibana. Lakini kwaya ya baba haivai hedifoni! Wanasikilizana kwa masikio yao, bega kwa bega. Ningeweza kuiachia mashine bafa kubwa kadiri inavyotaka. Ule ukaidi wa baba, uliomrudisha kutoka Mbeya na mikono mitupu, ndio uliokuwa unaipunguzia mashine yangu mzigo. Nilijiona nina akili, nikakumbuka nimezitoa wapi.

Nikaijaribu uani kwetu. Niliziweka maiki zote nane, nikaiacha irekodi kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Haikukwaruza hata mara moja. Ninayo hadi leo rekodi safi kabisa ya mama akimkemea jogoo, kwa maiki nane.

Kumwambia mama habari za sweta ilikuwa kazi kuliko ya Mbeya. Nilianza mbali, nikaeleza joto, nikaeleza feni. Akanikata.

"Kwa hiyo nimeiua mimi?"

"Hukuiua, mama. Ulikuwa unaitunza."

"Wewe prodyuza ulikuwa wapi?"

Akalichukua sweta, akalikung'uta, akalitazama. "Na ikiwa imezimwa?"

"Ikiwa imezimwa haina shida."

"Basi itavaa ikilala," akasema, na mjadala ukafungwa. Wanyalukolo, ndugu zetu Wahehe, hawashindwi kesi kwa urahisi.

Baba ndiye aliyegoma. Nilimpigia simu mwenyewe, nikapaza sauti mpaka majirani wakajua siri zetu, akasema nisijisumbue, masikio ni yake na anayajua. Nikaongea na yule mama wa sauti ya kwanza. Yeye hakumbembeleza. Alimwambia kwamba kwaya itarekodi Jumamosi kanisani, mwalimu akitaka aje, asipotaka watasimamiwa na mtu wa sauti ya nne ambaye mapigo yake wote wanajua yanavyoyumba. Baba akafika kabla ya wote.

Kanisa lile lipo juu mlimani, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujapanda. Nilipanga maiki mbele ya nusu duara, nikaweka kompyuta kwenye meza ndogo karibu yao, maana waya zangu ni fupi. Zamani nisingethubutu, ngurumo ya feni ingeingia kwenye kila wimbo. Yule mama wa sauti ya kwanza akaja, akainama mpaka sikio likagusa chuma.

"Imewaka hii?"

"Imewaka, mama."

"Mbona haisemi?"

"Leo zamu ya kusema ni yenu."

Wakasali. Baba akasimama mbele yao, akatoa noti kwa mdomo, akanyanyua mikono. Waliimba wimbo wa kwanza hadi mwisho, na mimi sikutazama waimbaji, nilitazama kioo. Mistari minane ikitembea pamoja, hakuna iliyokatika, hakuna taa nyekundu, prosesa inafanya kazi kama mtu anayechambua mboga huku anaongea. Wakaingia wimbo wa pili. Wa tatu. Ubeti kwa ubeti, mashine ile iliyoulizwa kama inawashwa kwa kuni ilipokea kila kitu walichoipa. Nilitaka kupiga vigelegele, ila maiki zilikuwa wazi. Nilijing'ata kidole. Acheni niseme: nilijivunia ile kompyuta, nikajivunia mikono yangu, nikamjivunia baba aliyesimama pale akiongoza kwa macho muziki ambao nusu yake haukuwa ukimfikia, na hakuna hata mmoja aliyekosea kuingia.

Walipomaliza nikamwita. Akakaa benchi la mbele, akaiona hedifoni mkononi mwangu, akatikisa kichwa.

"Nimeshasikia siku ile, mama. Wape wengine."

"Baba," nikamwambia, "siku ile ulisikia sufu. Vaa."

Hakuelewa, lakini akavaa. Nikaongeza sauti juu sana, kuliko ninavyomwekea mtu yeyote. Mashine ilivyokuwa zamani ningempandishia na kelele zote. Sasa hapakuwa na kelele ya kupandisha. Nikaupiga wimbo wa kwanza.

Kwaya nzima ilikuwa imemzunguka, wanamtazama usoni kama watoto wanaosubiri matokeo. Mkono wake ukaanza kupiga mapigo juu ya goti. Kisha ukasimama.

"Haikwaruzi," akasema.

"Si nilikuambia! Si nilikuambia siku ile!"

Wimbo ukaendelea kidogo, akanyanyua kidole. "Rudisha."

Nikafikiri kuna kosa, labda sauti ya tatu wamechelewa mahali. Nikaandika kwa kidole hewani: wapi?

"Mwanzo. Kabla hawajaanza kuimba."

Nikarudisha hadi mwanzo kabisa, mahali ambapo hakuna wimbo bado, pale baba ameshanyanyua mikono na kwaya wanavuta pumzi. Akasikiliza. Akainua kidole tena, nikarudisha tena. Safari ya tatu akafumba macho, na nikaona machozi yanashuka, baba yangu ambaye hata msibani halii, huwa anashika daftari la nyimbo tu.

"Miaka yote nimewafundisha kuvuta pumzi pamoja," akasema, kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Tangu masikio yaanze nilikuwa naona mabega yakipanda. Nikawa nadhani mmeacha, mnapandisha mabega ili kunifurahisha. Kumbe mnavuta! Wote! Kwa pamoja!"

"Si wewe uliyetufundisha?" yule mama wa sauti ya kwanza akamjibu, huku anajifuta macho kwa kitenge.

Hakumsikia. Alikuwa na hedifoni masikioni, na alikuwa ameshaninyanyulia kidole nirudishe tena.